Kupoza Shingo

Jumatatu, 12 Agosti

Mashine ya maji ya shule imeharibika, na fundi amesema kifaa kinachotakiwa hakipatikani Newala wala Masasi. Kuanzia leo wasichana wote wa bweni tunashuka bondeni kwenye chemchemi, asubuhi kabla ya vipindi na jioni baada ya vipindi. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani, maana njia ni ya mchanga na mguu unarudi nyuma kila unapoupeleka mbele.

Naandika kwa sababu sina wa kumsimulia. Nimehamia hapa Kitangari mwezi uliopita, katikati ya kidato cha tatu, wakati kila mtu ameshapata mwenzake wa kukaa naye na wa kutoka naye. Kwetu Lulindi nilikuwa nasoma kutwa na kurudi nyumbani kwa mama. Mama alifariki wakati wa Kwaresima. Baba ni katekista, anazunguka makanisa ya vijijini kwa baiskeli na mara nyingi analala hukohuko, akasema binti hawezi kukaa peke yake ndani ya nyumba. Sasa nakaa na wasichana zaidi ya mia moja, na bado niko peke yangu. Hawanichukii. Wananiita "yule wa Lulindi", kama mtu anavyosema "lile benchi la nyuma".

Jumanne, 13 Agosti

Shingo inauma. Hesabu nimepata zote.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo nimechekwa kisimani, na nataka niandike vizuri ilivyokuwa.

Nilikuwa nimejaza ndoo, nimeweka kitawi cha majani juu ili maji yasimwagike, nimezungusha kanga iwe ngata ya kukalia ndoo kichwani. Nikainama niinue. Nikasikia kicheko, kwanza cha mtu mmoja, halafu cha wengi. Nilipogeuka nikamwona Glory amesimama nyuma yangu. Glory ni wa darasa letu, mtoto wa Tandahimba, ndiye kiranja wa maji na ndiye anayejua kuchekesha kuliko wote. Alichovya kiganja kwenye maji, akakipeleka polepole kisogoni, akakikandamiza hapo, akafumba macho kama mtu aliye kwenye ibada. Kisha akashusha pumzi ndefu na kujifanya anainua ndoo.

"Gari la Lulindi likichemka," akasema, "lazima lipozwe injini kwanza."

"Poza, bibi," mwingine akadakia. "Usije ukaungulia njiani."

Nilitaka kusema sifanyi hivyo. Lakini mkono wangu ulikuwa bado umelowa, na maji yalikuwa yanateremka mgongoni ndani ya blauzi. Kumbe nafanya. Kumbe nimekuwa nikifanya kila siku bila kujua.

Mama ndiye aliyekuwa anafanya hivyo. Kila ndoo, kabla ya kuinua: kiganja majini, kiganja shingoni, pumzi, halafu juu. Sikuwahi kumwuliza sababu. Sikuwahi hata kulitazama jambo hilo, lilikuwa kama jinsi anavyotembea. Glory alikuwa ananiiga mimi, lakini niliyemwona pale alikuwa mama. Nilibeba ndoo yangu nikapanda haraka ili wasione uso wangu. Nadhani wamefikiri nimekasirika.

Jumanne, 20 Agosti

Sasa naitwa Bibi Poza. Walau ni jina.

Jumatatu, 2 Septemba

Mwalimu Optatus wa hesabu huandika saba kwa kuikata na kamstari katikati. Leo nimechungulia madaftari ya wenzangu wakati wa kukusanya: mkondo wetu wote tunaikata saba. Mkondo B, wanaofundishwa na mwalimu mwingine, hawaikati. Hakuna aliyetuambia tukate. Nimemwuliza Mwalimu baada ya kipindi.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwa nini unaikata saba?"

Akaitazama ubaoni kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Marahaba. Mwalimu wangu Ndanda alikuwa anaikata."

"Na yeye?"

"Yeye sikumwuliza," akasema. "Wewe una maswali ya mtu mzima, Yuster. Nenda ukale."

Nimekula nikiwaza. Yule mwalimu wa Ndanda pengine ameshastaafu, au amekufa, na kamstari kake kapo kwenye madaftari yetu. Tutakapokuwa walimu tutakapeleka mahali pengine, na hakuna atakayejua kametoka wapi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeona jambo la ajabu. Wasichana wawili wa kidato cha pili wamepoza shingo kabla ya kuinua ndoo, na hawakuwa wanacheka. Glory hakuwepo. Hakukuwa na mtu wa kumchekesha. Walifanya tu, wakabeba, wakaenda.

Jumamosi, 14 Septemba

Karibu nusu ya bweni sasa wanapoza. Ilianza kwa wale wanaotaka kufanana na Glory. Glory aliendelea na mzaha wake kila siku, na mzaha unaofanywa kila siku unachoka kuwa mzaha. Wadogo waliomwona kiranja akifanya hivyo hawakujua kama anamwiga mtu. Waliona kiranja anafanya, wakafanya.

Na kuna faida ambayo sikuitegemea. Chemchemi yetu ni shimo tu lenye mawe pembeni. Zamani kila mtu alikuwa anatumbukiza ndoo kwa pupa, matope yanapanda, tunabeba maji ya rangi ya chai ya maziwa. Sasa mtu akishajaza anasogea, anapoza, anashusha pumzi, na katika muda huo maji yanatulia kabla ya mwingine kuchota. Hata ugomvi umepungua. Mama Bwanali, matroni wetu, amesema hajui kilichotupata mwaka huu lakini kiendelee.

Ni lazima nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nafurahi. Jioni nakaa juu ya jiwe na kuwatazama wakipanga foleni. Kiganja, shingo, pumzi. Kiganja, shingo, pumzi. Mama aliishi Lulindi maisha yake yote ya ndoa na hakuwahi kupanda huku juu Kitangari. Sasa yuko hapa katika mikono ya watu wasiomjua.

Hakuna aliyenisemesha leo isipokuwa mmoja aliyetaka kuazima kisu.

Jumamosi, 28 Septemba. Lulindi

Likizo fupi. Nyumba ina vumbi la siku nyingi. Baba amefurahi kuniona, ameninunulia mkate, halafu tukakaa bila maneno. Yeye na mimi tulikuwa tunazungumza kupitia mama. Mama alikuwa anasema, "Baba Yuster, mwanao amepata namba moja," naye anajibu, "Mwambie nimesikia," na wote watatu tuko meza moja.

Nilimwuliza, "Baba, unakumbuka mama alivyokuwa anaweka maji shingoni kabla ya kujitwisha ndoo?"

Alifikiri sana. Niliona anajitahidi kwa moyo wote. "Hapana, mwanangu," akasema. "Sikumbuki kama alikuwa anafanya hivyo."

Jioni nikaenda kwa shangazi, Mama Gideoni, aliyekuwa anachota maji pamoja na mama tangu mama alipoolewa. Alikuwa anapepeta kunde. Yeye hakufikiri hata kidogo.

"Ah, lile jipu."

"Jipu gani, shangazi?"

"Alikuwa na jipu kisogoni mwaka uliozaliwa wewe. Kubwa, namna hii." Akanionyesha ngumi. "Akijitwisha ndoo linamwaka moto, basi anaweka maji kwanza lipoe. Jipu likapona, mkono ukawa umeshazoea. Tulikuwa tunamcheka. Unamtibu nani, wifi? Naye anasema, haya, nimesahau. Kesho anafanya tena."

Nilicheka na shangazi. Njiani kurudi sikucheka tena. Nilikuwa nimetegemea kitu kingine. Sijui nini. Sala, labda, au neno aliloachiwa na mama yake. Kumbe ni jipu, na jipu lenyewe lilipona kabla sijaanza kutembea.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumerudi shule. Joto. Nyasi za uwanjani zimekauka hadi zinavunjika zikikanyagwa. Mashine bado.

Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya watoto wa kidato cha kwanza njiani. Mmoja anaitwa Kurwa, ana sauti ya kubeba habari. Alikuwa anamsimulia mwenzake.

"Bibi Poza alikuwa mwanamke wa zamani, ndiye aliyeiona chemchemi kwanza. Alikuwa na kiu ya siku nyingi, lakini hakunywa kwa pupa. Akapoza shingo kwanza. Ndiyo maana maji hayakauki."

"Na mtu asipopoza?"

"Yatakauka."

Nikawauliza, "Haya mmeambiwa na nani?"

Wakanisalimia kwa adabu, shikamoo dada, na Kurwa akasema, "Iko hivyo tangu zamani, dada. Wewe umehamia tu, ndiyo maana hujui."

Nimekuwa marehemu wa zamani na bado sijamaliza kidato cha tatu.

Jumatano, 9 Oktoba

Joto.

Jumanne, 15 Oktoba

Vijijini watu wote wako kwenye mikorosho, wanaokota. Upepo unaleta harufu ya mabibo yaliyoiva. Tumepata uji bila sukari. Chemchemi imeshuka chini ya jiwe la tatu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kuna msichana wa kidato cha kwanza anaitwa Faidha, mwembamba, mtoto wa kijiji kimoja njia ya Tandahimba. Leo alijaza ndoo yake, akasubiri kidogo, akajitwisha bila kupoza. Foleni yote ikageuka.

"Wewe," Glory akamwita. "Umesahau."

"Sijasahau, dada. Nilikuwa nataka kuuliza. Kwa nini tunafanya?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini tunaweka maji shingoni. Blauzi inalowa, na mimi nina moja tu."

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini treni hazifiki Newala. Glory akatazama huku na huku, wengine wakatazama chini. Mwishowe mmoja akasema, "Ndivyo tunavyofanya hapa."

"Haya," akasema Faidha. "Lakini kwa nini?"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha mzaha. Nilikuwa mtu wa nne katika foleni. Mimi ndiye pekee mwenye jibu katika bonde lile lote, na nilinyamaza. Nilijiambia ni aibu, kwa sababu nina aibu kweli. Lakini pia sikutaka kusema neno "jipu" mbele yao. Nilitaka mama abaki pale alipo.

Jumapili, 27 Oktoba

Mawingu upande wa Ruvuma tangu mchana. Hayakuja.

Jumatatu, 4 Novemba

Chemchemi inatoa maji kidogo sana. Tunangoja hadi shimo lijae, mtu mmoja anachota, tunangoja tena. Wengine wanasema ni kwa sababu ya Faidha. Wanasema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, wakisuka nywele.

Glory ametoa amri: asiyepoza anachota mwisho. Mwisho maana yake ni tope, na kuchelewa vipindi, na adhabu ya mwalimu wa zamu. Faidha alichota mwisho asubuhi. Jioni alichota mwisho tena.

Alhamisi, 7 Novemba

Faidha mwisho. Amepigishwa magoti nje ya darasa. Kurwa, aliyekuwa na kitanda jirani na chake, amehama.

Jumatatu, 11 Novemba

Amri imebadilika bila mtu kuibadilisha. Jana ilikuwa asiyepoza anachota mwisho. Leo asubuhi asiyepoza hachoti. Nilimsikia msichana wa kidato cha pili akimwambia Faidha, "Toka, utatukaushia," akamsukumia ndoo yake pembeni kwa mguu. Glory aliona. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Faidha akarudi juu na ndoo tupu. Saa ya chakula cha mchana, watu wote wakiwa ndani, alishuka peke yake kwa njia ya upande wa pili, ile ya mbuzi, ili asikutane na mtu. Wakati wa kupanda aliteleza. Mama mmoja wa kijijini aliyekuwa anatoka kuokota korosho ndiye aliyemkuta, akampandisha hadi shule akiwa amemshika kiuno. Kifundo cha mkono kimevimba. Mama Bwanali amemfunga kitambaa na kusema haujavunjika, Mungu ni mwema.

"Ulikuwa unafanya nini huko peke yako?" matroni akamwuliza.

"Nilichelewa, mama."

Hakumtaja mtu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai nilichompelekea. Nilikiweka, nikaondoka. Nilipofika nje nikakumbuka sikumwambia pole.

Jumatano, 13 Novemba

Faidha anakunja nguo zake kwa mkono mmoja. Alimwomba matroni simu, akampigia mama yake, mama yake atakuja Jumapili kumchukua. Nilimkuta peke yake bwenini.

"Unaondoka kweli?"

"Kuna shule ya kata karibu na kwetu, dada. Ni ya kutwa. Haina maabara."

"Ulitaka kuwa nani?"

"Daktari." Akasema bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya kitu alichoacha dukani.

Nilikaa kwenye kitanda kilichokuwa cha Kurwa. Nilitaka kusema jambo, nikasema, "Hiyo blauzi utaikunja vibaya, lete." Nikamkunjia. Akasema asante.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimesema. Nitaandika yote.

Ilikuwa saa ya mapumziko, baada ya chakula, wasichana wengi wamejilaza. Nilisimama katikati ya bweni, kati ya vitanda. Sijawahi kusimama mbele ya watu isipokuwa kusoma somo kanisani, na huko maneno huwa yameshaandikwa.

"Nataka kuwaambia kuhusu kupoza," nikasema.

Hawakusikia. Nikarudia. Wakageuka mmoja mmoja.

Nikawaambia kwamba kupoza kumekuja na mimi, mwezi wa nane, mashine ilipoharibika. Kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyepoza hapa. Kwamba nilikuwa namwiga mama bila kujua, na mama alikuwa anafanya kwa sababu ya jipu kisogoni, na jipu lilipona kitambo, na mama mwenyewe amefariki.

"Kwa hiyo haina maana yoyote," nikamaliza. "Maji hayakauki kwa sababu ya Faidha. Yanakauka kwa sababu ni Novemba."

Mtu akacheka kidogo, na msichana wa kidato cha pili, yuleyule wa kusukuma ndoo, akasema, "Dada, pole kwa msiba. Lakini kupoza ni kwa Bibi Poza."

"Bibi Poza ni mimi."

Hapo walicheka wote. Walicheka kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe ulipewa tu jina lake," Kurwa akanieleza, "kwa sababu ulikuwa unapoza sana."

"Dada yangu alisoma hapa," mwingine akasema. "Ameniambia walikuwa wanapoza tangu wakati wao." Nilimtazama usoni. Hakuwa anasema uongo. Alikuwa anakumbuka kabisa jambo ambalo halikutokea.

Nikamgeukia Glory, maana yeye alikuwepo, yeye ndiye wa kwanza. Alikuwa amelala ubavu akiangalia ukuta.

"Glory. Unakumbuka. Ulisema gari la Lulindi limechemka."

Hakugeuka. "Tuache tulale," akasema. "Kengele inakaribia."

Faidha alikuwa kwenye kitanda chake cha mwisho. Hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa makini.

Ijumaa, 15 Novemba

Glory amenifuata kwenye kamba za kuanikia, ameshika sketi mbichi kana kwamba amekuja kuanika.

"Nakumbuka," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nimewaamrisha watu miezi yote hii kwa kitu nilichokianza kwa kumcheka mtu?" Akaikamua sketi. "Halafu sikiliza, Yuster. Mwezi wa nane pale kisimani walikuwa wanapigana. Kuna aliyemwagiwa ndoo kichwani. Mimi ni kiranja, nilikuwa napiga kelele hadi sauti inakauka na hakuna anayesikia. Sasa wanasubiriana. Nikiwaambia haina maana, kesho foleni nitaishika kwa nini?"

Ni kweli wanasubiriana. Mkono wa mama uliokuwa unatibu kitu kilichopona umepata kazi nyingine huku ambayo mama hakuijua. Nimewaza hilo mchana wote. Jambo linaweza kuanza bila maana kisha likapata maana njiani, na maana hiyohiyo ikamvunja mtu. Mtu aliye ndani yake atajuaje lipi ni lipi? Faidha anauliza kwa nini, na watu wanamwona mchawi.

Kabla hajaondoka Glory alisema, "Sikujua ni ya mama yako. Ningejua nisingecheka."

"Najua," nikasema. Na nadhani ni kweli.

Jumamosi, 16 Novemba

Jumamosi tunashuka mara moja tu, wote pamoja. Nilimwambia Faidha anifuate. Akasema mkono hauwezi kubeba, nikasema leta ndoo, tutashika wote wawili.

Foleni ilikuwa ndefu hadi kwenye mikoche. Nilichota zamu yangu ilipofika. Niliweka kitawi juu ya maji. Nikazungusha ngata. Na mkono ukaanza kwenda wenyewe. Sikuuamuru. Vidole viligusa maji na nikausikia ubaridi, na nilijua kinachofuata, shingo, pumzi, mama. Tangu Kwaresima hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kila siku, asubuhi na jioni.

Niliutoa mkono nikaufuta kwenye sketi.

"Umesahau," akasema mtu nyuma.

"Sijasahau."

Nikainua ndoo hivyohivyo, shingo kavu, nikaenda kusimama mwisho wa foleni karibu na Faidha, nikaiweka chini. Walidhani nimechanganyikiwa. Mtu aliyekwisha kuchota hana sababu ya kurudi mwisho.

"Dada, wewe si una maji tayari?" Faidha akauliza.

"Nakusubiri wewe."

Tulisubiri sana. Jua lilikuwa la Novemba kweli. Wale waliotupita hawakututazama, na nilijua jinsi wasivyotazama, kwa sababu nimekuwa upande huo wa kutotazamwa tangu Julai. Tofauti ni kwamba leo tulikuwa wawili.

Ilipofika zamu ya mwisho Glory alikuwa amesimama kando ya shimo, kama kawaida yake, hadi wote wamalize. Faidha akamwendea.

"Dada Glory, nimeelewa kitu kimoja. Mtu akipoza, maji yanapata muda wa kutulia."

"Eee."

"Basi mimi nitasubiri yatulie. Nitahesabu pumzi zangu, kama ninyi. Hilo naelewa kwa nini. Shingo sielewi."

Glory akanitazama mimi na shingo yangu kavu.

"Subiri basi," akasema. Na kwa sauti kubwa zaidi, kwa wale waliokuwa bado wanapanda njiani: "Anayesubiri achote. Mmesikia? Anayesubiri achote."

Tulipanda yangu ikiwa kichwani, ya Faidha tumeishika wawili, mimi mkono wa kulia, yeye wa kushoto ulio mzima. Nusu ilimwagika. Hakuna namna ya kubeba ndoo ubavuni kwenye mchanga ule bila kumwaga.

Jumapili, 17 Novemba

Mama yake Faidha amekuja na begi tupu kubwa, mama mrefu mwenye viatu vya vumbi. Walikaa chini ya ukuta wa jiko kwa muda. Sikusikia walichosema. Mama huyo aliutazama mkono wa Faidha, akaugeuza, akasema mambo mengi kwa Kimakonde. Kisha akaenda kuonana na Mama Bwanali na akatoka huko macho makali. Aliondoka na begi likiwa tupu.

Faidha amezirudisha nguo kwenye sanduku. Blauzi nimeikunja mimi.

Jumanne, 19 Novemba

Wengi bado wanapoza. Wachache wanasubiri tu. Mimi nasubiri tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Kisimani leo palikuwa na kitoto cha kijijini, cha miaka mitatu hivi, kimekuja na mama yake na kopo tupu la maziwa. Kikajaza kopo, kikachovya mkono, kikajipaka kisogo kizima hadi shati likalowa, kikashusha pumzi kwa nguvu. Mama yake akamwambia, haya, vizuri.

Imetoka nje ya shule. Siwezi kuirudisha tena, na sijui kama ningetaka.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua. Ilianza tukiwa kwenye mtihani wa historia, tukashindwa kumsikia msimamizi. Mabati yalilia hadi jioni. Matangi yamejaa, ndoo zimewekwa chini ya michirizi kila mahali, hakuna aliyeshuka bondeni.

Jumapili, 1 Desemba

Nimechota maji kwenye tangi. Nilisimama kidogo na ndoo iliyojaa nikangoja mkono uende wenyewe. Haukwenda. Nimeuzuia siku chache tu, nao umeshajua kukaa. Nililia kidogo nyuma ya tangi, si sana.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Glory ameondoka alfajiri na ndugu zake. Kwenye dirisha la gari alinipungia mkono akataja jina langu, Yuster, siyo lile lingine.

Mimi na Faidha tulikaa barabarani juu ya sanduku lake, tukingoja magari, yeye la Tandahimba na mimi la Masasi. Udongo ulikuwa umelowa na kunguru walikuwa wanatembea barabarani kama ni yao. Alikuwa anautazama mkono wake, ambao uvimbe umeisha.

"Dada Yuster," akasema. "Mama yako alikuwaje?"

Nilifikiri nimesikia vibaya. Baba hakuuliza, maana alimjua. Watu wa kanisani walisema pole. Hapa shule hakuna aliyeuliza. Nimekuwa nikingoja swali hilo bila kujua kwamba nalingoja.

Nilimwambia alikuwa hajui kuimba kabisa, na kwamba kanisani ndiye aliyekuwa anaimba kwa sauti kuliko wote, hadi padri anatabasamu kwenye kitabu. Faidha akacheka. Nikamwambia alikuwa anaogopa mijusi na haogopi nyoka. Akauliza kwa nini. Gari la Masasi likaja, kondakta akapiga bati akinitazama, nikamwashiria waende. Lipo jingine la mchana.